Injini ya 1275 yenye supachaja kwa Morris Minor: nichague supachaja ipi, na nianzie wapi?

Mwana wa Wete

Assalamu alaikum nyote.

Naomba ushauri wa mafundi na wa kila mwenye uzoefu na injini za zamani za Kiingereza. Ninayo Morris Minor 1000 ya mwaka 1965, ya milango miwili, iliyokuwa ya marehemu babu yangu, na tangu alipoinunua haijawahi kutoka Pemba. Injini yake ya asili, ile ya sentimita za ujazo 1098 yenye nguvu za farasi 48, bado inawaka vizuri na sina nia ya kuichokoa. Nitaitoa nzima, nitaipaka mafuta na kuihifadhi. Mahali pake nataka kufunga injini ya 1275 ya ukoo uleule, ambayo nimeipata Mombasa ikiwa imetolewa kwenye Morris Marina, na injini hiyo niifungie supachaja, yaani pampu ya kuisukumia hewa zaidi.

Sababu ya kuchagua supachaja badala ya turubo ni barabara zetu. Anayeijua Pemba anajua kwamba kutoka Mkoani mpaka Wete ni kupanda na kushuka, kona baada ya kona, na gari ndogo iliyobeba watu wanne hurudishwa gia ya pili kila mara. Sitafuti mwendo wa kasi. Ninachokitaka ni nguvu ya kuvuta tangu injini ikiwa kwenye mizunguko 1500 au 2000 kwa dakika, na nimeambiwa kuwa kwa jambo hilo supachaja inayozungushwa na mkanda hujibu mapema kuliko turubo inayosubiri moshi wa ekzosi.

Nina maswali matatu. La kwanza, kuna muuza spea aliyenionesha supachaja ya SC14 iliyotoka kwenye Toyota Estima, kwa bei nafuu sana. Na kuna ndugu yangu aliyeko Uingereza anayeweza kuniletea Eaton M45, ile iliyokuwa ikifungwa kwenye MINI Cooper S za 2002 hadi 2006. Ipi inafaa? La pili, je, pistoni za kawaida zitastahimili? La tatu ni joto letu: mambo yanayoandikwa na wenzetu wa Ulaya yanafaa kufuatwa hapa kama yalivyo?

Natanguliza shukrani.

Fundi wa Jang'ombe

Wa alaikumu ssalam. Ndugu yangu, nitasema ninachokiamini hata kama hakitakufurahisha. Chukua injini ya Toyota 5K, sentimita za ujazo 1486, yenye muundo wa kizamani unaofahamika na kila fundi wa visiwani, uifunge pamoja na giaboksi yake. Itakupandisha vilima vyote hivyo bila ya supachaja, na ikiharibika spea utazipata siku hiyohiyo. Gari ya kutumia kila siku inataka injini ambayo fundi wa jirani anaijua kwa kuipapasa tu gizani.

Mhandisi wa Mbweni

Wa alaikumu ssalam warahmatullah, ndugu Mwana wa Wete. Ushauri wa Fundi wa Jang'ombe ni wa mtu mzoefu, na kwa gari ya biashara ningeuunga mkono. Lakini 5K inahitaji kutengenezewa vishikizo vipya vya injini, kukatwa kwa njia ya giaboksi na kubadilishwa kwa propela shafti, ilhali 1275 inaingia mahali pa 1098 bila ya kuikata bodi. Kwa gari ya urithi nadhani hilo lina uzito wake, kwa hiyo nitajibu ulichokiuliza.

Nianze na supachaja zenyewe, kwani hapo ndipo wengi hupotezea fedha zao. Zote mbili ni za aina ya Roots, na asili yake ni ile pampu ya hewa ambayo ndugu wawili wa familia ya Roots, huko Indiana nchini Marekani, waliipatia hataza mwaka 1860 kwa kazi za viwandani, kabla motokaa haijakuwapo duniani. Ndani yake mna rotori mbili zinazozunguka bila ya kugusana. Rotori hizo haziibani hewa ndani ya pampu; zinaibeba tu kutoka upande mmoja hadi wa pili, na presha hupatikana pale manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, inapopelekewa hewa nyingi kuliko silinda zinavyoweza kuivuta. Kwa hiyo swali la msingi ni lita ngapi pampu inasukuma kwa kila mzunguko, na lita ngapi injini yako inakunywa.

Injini ya mipigo minne huvuta nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko wa krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Kwa 1275 hiyo ni takriban lita 0.64 kama silinda zingejaa kabisa, na kwa kuwa hazijai kabisa, tuchukue lita 0.54. M45 husukuma takriban lita 0.74 kwa mzunguko, na ukiondoa hewa inayovuja baina ya rotori na kasha unabaki na lita 0.64 hivi. Maana yake ni kwamba ukifunga puli zinazolingana, supachaja ikazunguka sawa na krankshafti, hewa itakayoingia itazidi ile ya kawaida kwa karibu asilimia 18, na geji ya manifoldi itasoma bar 0.4 kwa kukadiria, yaani psi 6 hivi. Hicho ndicho kiwango ninachokupendekezea, nami nakusihi usikizidishe.

SC14, kwa upande wake, husukuma lita 1.4 kwa mzunguko, kwani Toyota waliiweka kwenye injini ya lita 2.4. Ili upate kiasi kilekile cha hewa itakubidi uizungushe kwa nusu ya mwendo wa krankshafti, na pampu ya Roots ikizungushwa polepole ndipo inapovuja kwa uwiano mkubwa zaidi. Hasara hiyo itakuangukia palepale kwenye mizunguko 1500 unayoitegemea kwa ajili ya vilima. Bei yake nafuu isikuvute; chukua M45.

Sasa joto, ambalo kwangu mimi ndilo swali lako kubwa kuliko yote. Presha ya bar 0.4 peke yake haivunji injini hii. Kinachoivunja ni joto linaloandamana na presha hiyo. Wakati wa kaskazi hewa yetu ni nyuzi 32, na chini ya boneti huzidi hapo. Ukiisukuma hewa ya nyuzi 32 hadi bar 0.4 kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 55, ambao ni wa kawaida kwa Roots, hewa hiyo hutoka ikiwa karibu nyuzi 88. Ukiipeleka bar 0.6 hutoka ikiwa zaidi ya nyuzi 110, na kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, faida ya ziada utakayoipata ni kama asilimia 7 tu ya hewa. Umebeba zaidi ya nyuzi 20 za joto kwa faida ndogo kama hiyo. Fundi wa Uingereza anayeanza na hewa ya nyuzi 12 anayo nafasi ambayo sisi hatunayo, na kwa sababu hiyo vipimo vyake vya presha na vya taimingi (wakati plagi inapowasha moto) visichukuliwe kama vilivyo.

Mchanganyiko uliopata joto kupita kiasi huripuka wenyewe pembeni mwa pistoni kabla ya moto wa plagi kuufikia, na hapo injini hugonga kama kokoto ndani ya mkebe. Katika injini ya kawaida dereva husikia akaondoa mguu. Katika injini yenye supachaja mvumo wa rotori huufunika mlio huo, na mara nyingi dereva hugundua pale kingo za pistoni baina ya ringi zimeshavunjika.

Kwa hiyo jibu la pistoni ni hili: pistoni nzima za kawaida zinaweza kustahimili bar 0.4 iwapo tu utashusha uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi mchanganyiko unavyobanwa ndani ya silinda. Kama injini yako ina 8.8 kwa 1, ishushe hadi 8 kwa 1. Nimeona watu wakishusha mgandamizo kwa kubandika gasketi mbili za silinda hedi, na naomba usifanye hivyo, kwa sababu gasketi ndiyo inayobeba presha yote na mbili hupeperuka kwa urahisi kuliko moja. Kazi hiyo ifanywe kwenye pistoni, kwa kukereza shimo pana na la kina kidogo juu yake, au kwa kununua pistoni zilizotengenezwa hivyo tangu mwanzo. Kiwanda chenyewe kilipoifunga turubo injini hii ya 1275 kwenye MG Metro Turbo ya mwaka 1982, ikatoa nguvu za farasi 93, hakikuiacha ilivyokuwa: krankshafti iliimarishwa na valvu za ekzosi zikatiwa sodiamu ndani ili zipoe. Kumbuka pia kwamba krankshafti hiyo hushikwa na bearingi kuu tatu tu, kwa hiyo usiizungushe zaidi ya mizunguko 5500 hata kama inakubali.

Kuhusu kabureta, iweke kabla ya supachaja, ili pampu ivute hewa iliyokwishachanganywa na petroli. Kabureta moja ya SU, modeli ya HIF44, inatosha. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya pampu huipunguzia hewa joto kwa nyuzi 20 au zaidi, na kwa hapa kwetu hiyo ni neema. Ukichagua njia hii usifunge intakula, yaani kipoza hewa cha kati, maana petroli itatuama ndani yake na ikiwaka ni hatari kubwa. Badala yake weka kwenye manifoldi valvu ya usalama yenye springi, itakayofunguka iwapo moto utarudi nyuma.

Ipo sababu ya pili ya kupenda kabureta kuliko injeksheni kwenye injini hii. Silinda hedi yake ina milango miwili tu ya kuvutia hewa: silinda ya 1 na ya 2 zinagawana mmoja, ya 3 na ya 4 zinagawana wa pili. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo silinda za kati huanza kuvuta na zile za pembeni hufuata mara moja katika mlango uleule. Petroli ikirushiwa mlangoni kwa nozeli, za kati huchukua zaidi, na za pembeni hubaki na mchanganyiko mwepesi, wenye petroli kidogo, ambao ni mwanzo wa kugonga. Mchanganyiko ulioandaliwa mbali na mlango hugawika kwa usawa zaidi. Upande wa ekzosi, silinda ya 2 na ya 3 zinatumia mlango mmoja wa katikati, nao ndio wenye joto kali kuliko sehemu zote za hedi; hedi za 1275 zinajulikana kwa kupasuka baina ya viti vya valvu, basi yako ipimwe nyufa kabla hujaigharimia chochote. Na kwa kuwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi, iliyokuwa ikivilinda viti hivyo, ifikapo mwaka 2006, viti vya valvu za ekzosi vitiwe pete za chuma kigumu, la sivyo vitaliwa.

Usitarajie maajabu kwenye namba. Supachaja yenyewe hula nguvu za farasi 5 hivi injini inapokuwa juu, na utakachobaki nacho ni ongezeko la wastani. Faida utaiona chini, kwenye gia ya tatu, mahali ambapo leo unarudi ya pili.

Binti Chake

Kaka Mwana wa Wete, hongera kwa kuitunza gari ya babu. Mimi ninayo Minor ya 948 hapa Chake, na ninaiendesha katika barabara hizohizo. Maelezo ya Mhandisi nimeyasoma mara mbili na nimefaidika, ila mimi ningeanzia mbali na injini.

Breki za Minor ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na mfumo wake wa mafuta ni mmoja: bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Silinda kuu imekaa chini ya sakafu upande wa dereva, ndani ya boriti ya chasisi, mahali ambapo maji ya mvua na chumvi hufika na watu hawapatazami kwa miaka. Msimu wa karafuu unajua barabara zetu zinavyokuwa, majamvi yameanikwa pembeni, watoto na wazee wamekaa kuzichambua, na gari inashuka kilima inawaelekea. Gari iliyoongezewa nguvu huukuta mteremko ikiwa na mwendo mkubwa zaidi. Tia diski mbele na silinda kuu ya njia mbili kabla supachaja haijafika nchini, na vifyonza mtikisiko vya mkono, vile vya asili, vijazwe mafuta au vibadilishwe.

Kisha piga msasa ukague chuma. Minor haina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi. Mahali pa kuchokonoa kwa bisibisi ni pale springi za nyuma zinapofungwa, boriti ya kati inayobeba mwisho wa vyuma vya torsheni vya mbele, na kingo za chini ya milango. Rangi nzuri huficha mengi, na upepo wetu wa baharini hauna huruma. Kama bisibisi inazama, fedha ya supachaja iende kwa fundi wa kuchomea kwanza.

La mwisho ni umeme. Gari hizi zilitoka na dainamo ya Lucas C40 inayotoa ampea 22, na nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Utahitaji feni ya umeme kwa rejeta, na dainamo haitaibeba pamoja na taa usiku. Funga altaneta, ugeuze nguzo za betri, na ufanye hivyo kabla ya kununua kifaa chochote cha kielektroniki cha kuwashia, kwani vingi huungua vikiunganishwa kinyume.

Mwana wa Wete

Shukrani za dhati kwenu nyote. Fundi wa Jang'ombe, nimekuelewa na sikudharau ushauri wako, lakini nataka watoto wangu wakifungua boneti waione injini ya ukoo wa gari hii.

Dada Binti Chake, jana nimelala chini ya gari na bisibisi kama ulivyoelekeza. Boriti ya kati ni nzima, ila pahala pa springi ya nyuma upande wa kushoto pamezama. Kwa hiyo mpangilio wangu umebadilika: chuma na breki kwanza, umeme ufuate, kisha injini, na ndugu yangu nimeshamwambia aitafute M45. SC14 nimeiacha.

Mhandisi, nina maswali mawili yaliyobaki. Nitajuaje kwa hakika uwiano wa mgandamizo nilionao, ilhali sina kitabu na sijui nani aliifungua injini hii kabla yangu? Na siku ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, taimingi niiweke wapi?

Mhandisi wa Mbweni

Umepanga vizuri. Uwiano usiukisie, wala usiutegemee hata huo wa kitabuni, maana injini yenye umri huu huenda hedi yake imeshapunguzwa. Upime. Ilaze hedi kifudifudi, valvu na plagi zikiwa mahali pake, na uhakikishe imelala sawasawa kwa pimamaji. Paka grisi nyembamba kuzunguka chumba cha moto, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayoona chenye tundu dogo upande mmoja, kisha ujaze mafuta ya taa kwa sindano ya dawa yenye alama za mililita mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Idadi ya mililita ulizotumia ndiyo ujazo wa chumba. Fanya vivyo hivyo kwa vyumba vyote vinne, kwani havilingani, na kwa shimo la juu ya kila pistoni. Kisha ujumlishe ujazo wa gasketi iliyokandamizwa na wa nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni.

Silinda moja ya 1275 ina kipenyo cha milimita 70.6 na mwendo wa milimita 81.3, sawa na sentimita za ujazo 318. Kwa uwiano wa 8.8 kwa 1, jumla ya nafasi zote hizo huwa 40.8, kwa 8 kwa 1 inatakiwa iwe 45.4. Tofauti ni 4.6 tu, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo fundi wa kukereza asipewe nafasi ya kukadiria kwa macho. Kama silinda zimeshapanuliwa, pima kipenyo upya, hesabu zote zitabadilika. Mwulize pia muuzaji wa pistoni unene wa juu yake kabla ya kukata.

Ama taimingi, injini ya aina hii isiyo na supachaja hupewa jumla ya nyuzi 30 hivi za mzunguko wa krankshafti kabla ya pistoni kufika kileleni, ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Mafundi hurudisha nyuma nyuzi 1 hadi 2 kwa kila psi moja ya presha. Kwa hali yetu tumia ile kubwa, hivyo anza na jumla ya nyuzi 18, huku ukiwa umelitoa na kuliziba bomba la vakyumu la distribyuta. Tumia plagi ya baridi zaidi, yaani inayopoa haraka, kwa daraja moja. Funga sensa ya oksijeni kwenye ekzosi pamoja na kipimo chake, na injini ikiwa imebeba mzigo mchanganyiko usiwe mwepesi kuliko sehemu 12 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Ikionesha 13 kwenye kilima, ondoa mguu na ubadilishe sindano ya kabureta kabla ya kuendelea. Majaribio ya kwanza yafanye alasiri wakati wa kaskazi, si asubuhi ya kusi. Ikipita katika joto hilo bila ya kugonga, katika miezi ya baridi haitakusumbua.

Ukishapata ujazo wa vyumba vyote vinne na wa juu ya kila pistoni, uandike hapa nikukokotolee kiasi cha kukereza kabla hujazipeleka kwa fundi.